Filta ya Tangi la Baba Mkwe

Hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kuanzia madaktari hadi wapishi wa wagonjwa, wote walimwita Mama Mvuke, kwa sababu alikuwa mkuu wa chumba cha kutakasia vifaa, na kisu chochote kilichoingia kwenye tumbo la mtu kilipita kwanza kwenye mashine yake ya mvuke. Na katika mambo ya usafi alikuwa hana dogo. Mfanyakazi mgeni akimletea koleo na kusema, "Inang'aa, mama," alimjibu, "Hata kipara cha mume wangu kinang'aa. Rudisha kwenye mvuke."

Sasa mtu wa namna hiyo mpe baba mkwe mwenye tangi la maji ya chumvi, uliweke sebuleni kwake, uone.

Mzee alikuwa fundi saa mstaafu. Mkewe alipofariki alihamia kwa mwanawe na sanduku moja la nguo, na tangi la kioo lenye urefu wa kitanda, lililobebwa na wanaume wanne waliokuwa wakigombana njia nzima. Ndani yake hamkuwa na mawe mengi. Mzee alipenda samaki wapate uwanja wa kuogelea. Kulikuwa na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, aliowaita Bwana Harusi na Bibi Harusi. Kulikuwa na mmoja wa manjano, bapa kama sahani, aliyezunguka kila kona kama anayesahihisha madaftari, naye akapewa jina la Mwalimu. Na katikati, juu ya jiwe, lilikaa tumbawe la zambarau ambalo mzee alilianza likiwa kipande cha ukubwa wa kucha, mwaka aliofiwa. Sasa lilikuwa limejaa kama kofia.

Mama Mvuke hakulipenda tangi hata kidogo, wala hakuficha. Chumvi iliganda ukutani. Mazulia yalinuka pwani. Pampu ilinguruma mchana kutwa. Siku moja, mbele ya ukoo mzima, alisema, "Ipo siku nitalimwaga hili dude uani, samaki na kila kitu." Watu wakacheka, na mzee mwenyewe akacheka. Wifi yake peke yake hakucheka. Wifi ni mtu wa kuweka maneno akiba.

Halafu moyo wa mzee ukaanza kumsumbua, akapelekwa hospitali nyingine kubwa zaidi kupasuliwa kifua. Asubuhi ya kuondoka alisimama mbele ya tangi, mkono kifuani, akamwambia mkwewe, "Walishe kidogo kidogo. Maji yakipungua ongeza maji matamu. Filta usiiguse."

"Nimesikia, baba."

Na kweli alisikia. Wiki zote zile alilisha kidogo kidogo, akaongeza maji, filta akaiacha ndani ya kabati lake chini ya tangi ikiendelea kunguruma. Alianza hata kumzoea Mwalimu, ingawa ukimuuliza angekana. Tatizo lilianza siku waliyopigiwa simu kwamba mzee amepona vizuri na ataruhusiwa kurudi nyumbani.

Mama Mvuke alifua mapazia. Alisugua sakafu mara mbili. Alipofika kwenye lile kabati akasita, kisha akalifungua, akazima pampu, akafungua kifuniko cha filta kwa nia ya kuchungulia tu. Ndani kulikuwa na sponji zilizovaa ute wa kahawia na vipete vya kauri vilivyoganda tope mpaka huwezi kujua vilikuwa na rangi gani. Harufu ilimpanda hadi utosini. Yeye alijua kijidudu kimoja kinaweza kumfanya nini mtu mwenye mshono mbichi kifuani. Aliwaona watu wa aina hiyo wakirudishwa hospitalini na homa, na wengine hakuwaona wakitoka. Akajiambia kwamba mzee hawezi kulala nyumba moja na kitu kile. Kauli ya "usiiguse" ilikuja kichwani mwake, akaiona kama maneno ya mgonjwa asiyejua hatari yake.

Akafanya jambo ambalo mtu mwingine yeyote mtaani asingeweza kulifanya hata akitaka. Alitia sponji na vipete kwenye mfuko, pamoja na mpira wa kifuniko, akavipeleka kazini. Akaviosha, akavifunga kwa kitambaa cha kijani cha chumba cha upasuaji, akabandika utepe ule ambao mistari yake hugeuka myeusi mvuke ukishafika, akaviingiza kwenye mashine pamoja na mikasi ya madaktari. Vilipotoka, mistari ilikuwa myeusi tititi na vipete vilikuwa vyeupe kama meno ya mtoto. Alivirudisha nyumbani, akaviweka mahali pake, akawasha. Siku hiyo alilala akijisifu moyoni.

Kesho yake maji yalikuwa na ukungu. Siku iliyofuata, aliporudi mchana kutoka kazini, alikuta samaki wote watatu wako juu, wamepanga midomo kwenye uso wa maji, wanahema. Tumbawe lilikuwa limejikunja, limebaki bonge la zambarau iliyopauka. Na chini ya kabati kulikuwa na dimbwi, kwa sababu ule mpira wa kifuniko ulipinda kwenye mvuke na sasa filta ilikuwa inavuja. Mzee alikuwa anarudi kesho adhuhuri.

Mume wake, fundi umeme wa magari, alikuwa amekuja kula. Alisimama mlangoni mikono ikiwa na grisi, akaangalia tangi, akaangalia dimbwi.

"Umeigusa filta?"

"Nimeisafisha. Nilitaka baba akute pasafi."

Mumewe akasema polepole, "Si ulisema utalimwaga."

"Ulikuwa utani! Wote mlicheka!"

"Mimi sijasema kitu," alijibu, na akaenda kunawa mikono, simu yake tayari sikioni.

Afadhali angesema. Mama Mvuke alibaki pale na kitambaa cha kupangusia mkononi, mpaka simu yake ikalia. Alikuwa wifi. Habari zilikwisha kumfikia, na haikuhitaji akili nyingi kujua zilipitia kwa nani.

"Nasikia samaki wa baba wanakufa," wifi alisema. "Hongera, wifi yangu. Umeshinda." Akakata.

Hapo ndipo alipoona wazi alichokuwa amekalia. Samaki wakifa, atakuwa mwanamke aliyengoja mzee apasuliwe kifua ili amuulie wanyama wake. Hakuna atakayesema hivyo mezani, lakini wote watalijua, mpaka siku ya kumzika yeye. Na mzee mwenyewe atalijua, akiwa amekaa kwenye kiti chake akitazama kioo kitupu. Alichota maji ya tangi kwenye chupa, akatoka bila kubadilisha sare ya kazi.

Duka la samaki lilikuwa kati ya fundi viatu na mpiga picha za pasipoti. Ndani palikuwa na giza la buluu, matangi ukuta mzima, na sakafu iliyolowa. Mwenye duka alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, chumvi imemkaukia mikononi hadi viwikoni, na watu walimwita Bibi Chumvi. Aliposikia ni maji ya tangi la mzee fundi saa, mteja wake wa zamani, hakuuliza salamu za nyumbani. Alipokea chupa, akamimina maji kidogo kwenye kichupa cha kioo, akadondoshea dawa, akatikisa. Maji yakawa manjano, yakaanza kugeuka kijani, yakazidi kuwa kijani.

"Hii ni sumu," Bibi Chumvi alisema. "Mkojo wao wenyewe. Filta yako ina nini?"

"Haina kitu. Niliisafisha."

"Kwa maji ya tangi?"

"Kwa mvuke. Nafanya kazi ya kutakasa vifaa hospitali."

Bibi Chumvi alivuta kigoda akakaa. "Mama, wewe umeipeleka filta thieta?"

"Ilikuwa imejaa vijidudu!"

"Ilikuwa imejaa, ndiyo. Vile ndivyo filta yenyewe. Sponji na vipete ni nyumba yao tu. Samaki anakojoa humohumo anamolala, wao wanakula ile sumu, maji yanabaki salama. Tangi lenye mawe mengi lina wengine kwenye mawe. La mzee nalifahamu, mawe ni matatu. Wote walikuwa kwenye filta." Akamwangalia kwa huruma iliyochanganyika na kicheko. "Umewachemsha wote."

Miaka yote ile Mama Mvuke alikuwa amelipwa kwa kazi moja, kuhakikisha hakuna kinachotoka hai kwenye mashine yake, na kazi ile aliifanya kwa heshima na hajawahi kuiharibu. Safari hii pia hakuiharibu. Aliifanya barabara kabisa, na hilo ndilo lililomuuma.

"Nipe filta nyingine," alisema. "Mzee anarudi kesho."

Bibi Chumvi alimpeleka kwenye rafu. Kwanza alimwonyesha mashine ya povu, bomba refu linalopiga maji hadi yatoe povu, na uchafu ukapanda na povu ukamwagwa kabla haujaoza. "Kitu kizuri sana, kila tangi la matumbawe ningelipa moja. Lakini hii inazuia uchafu wa kesho. Sumu iliyomo leo haiioni." Kisha akamshushia filta mpya ya kukaa kabatini, kubwa kuliko ya mzee, nyeusi, bado imo kwenye nailoni. Ndani yake mlikuwa na taa maalumu. "Maji yakipita kwenye mwanga huu, kijidudu kinakufa. Yanatoka safi kama machozi."

Mkono wa Mama Mvuke ulikwenda wenyewe kwenye ile filta. Ilikuwa nzito, imefungwa vizuri, haijaguswa na mtu. Hiyo ilikuwa lugha yake.

Simu ikalia tena. Mumewe. "Nimeuliza watu," alisema, bila kuanza na chochote. "Kuna zenye taa ya kuua vijidudu. Chukua hiyo, ya maana kabisa, baba akifika aone kwamba tumejali."

"Subiri," alimwambia, akaziba simu kwa kiganja. "Bibi, hii yenye taa, itaondoa sumu kufikia kesho?"

"Mimi ni mfanyabiashara, mama. Hiyo ndiyo yenye faida kwangu." Bibi Chumvi alijikuna kiwiko, unga wa chumvi ukaanguka. "Hapana. Ni nyumba mpya haina watu. Watahamia polepole, wiki kadhaa. Samaki wako hawana wiki kadhaa."

"Basi nipe yenye watu."

Macho ya Bibi Chumvi yakamponyoka yakaangalia tangi kubwa la nyuma, lile la kwake mwenyewe, ambalo hakuna samaki wake aliyewahi kuuzwa. Pembeni zilining'inia filta mbili. Moja ilikuwa imekwaruzika, kifuniko kimefungwa kwa kamba, na kupitia plastiki yake ilionekana ile kahawia, ute ule ule, pengine mbaya zaidi.

"Ile siuzi," alisema Bibi Chumvi.

"Sijasema uuze. Nimesema nipe. Nitakuletea mpya mahali pake, chagua mwenyewe ipi."

"Haina dhamana. Inaweza kuja na maradhi ya tangi langu. Sijawahi kuyaona, lakini kiapo sili."

Mama Mvuke alisogea karibu na ile filta. Kila kilichokuwa ndani yake kilipiga kelele kikimkataza. Kuchukua kitu cha kale kutoka kwenye maji ya mtu mwingine, bila kukiosha, kukipeleka kwenye nyumba anakolala mgonjwa! Mfanyakazi wake angefanya hivyo angemfukuza siku hiyo hiyo. Kwenye simu mumewe alikuwa anaita, "Haloo? Umeichukua? Chukua yenye taa!" Aliisikia sauti ile, na akawaona samaki watatu wamepanga midomo juu ya maji. Akapiga moyo konde, akakata simu.

"Ing'oe," alisema.

Bibi Chumvi aliiweka nzima kwenye ndoo ya maji ya tangi lake, akampa na madumu ya maji ya chumvi ya kubadilishia. Na masharti. "Usiioshe. Usiifunike. Hawa wanapumua, maji yakisimama wanakufa njiani. Koroga, usiache. Ukifika badilisha nusu ya maji kwanza, ndipo uiwashe. Na ukoroge kwa mkono, siyo kwa kijiti, kijiti kitapasua sponji."

Alipata teksi. Dereva alichungulia ndoo akakunja pua, akataka kukataa, ila akaona sare ya hospitali akadhani ni jambo la hospitali. Njia ilikuwa imeziba. Magari yalisimama, yakasogea, yakasimama. Mama Mvuke aliibana ndoo kwa magoti, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akakoroga. Ute ulimteleza kati ya vidole. Vipande vya tope viliinuka vikapaka saa yake ya mkononi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi alikuwa anawaombea vijidudu. Kila gari liliposimama alikoroga kwa kasi zaidi, na dereva alipouliza, "Mama, ni kiungo cha mtu?" alimjibu, "Endesha, baba. Ni wagonjwa wengi sana humu," na dereva akapiga honi kama mwendawazimu.

Alifika jua likiwa bado juu. Mumewe hakuwapo, alikuwa amerudi gereji. Alifunga ile filta ya kabatini iliyokuwa ikivuja, akabadilisha maji peke yake, ndoo kwa ndoo, akaning'iniza filta, akaiwasha. Ilikohoa, ikatema tope ndani ya tangi, na yeye akafumba macho asione. Akakaa kwenye kiti cha mzee, nguo zimelowa, akatazama. Hakuna kilichobadilika. Mume aliporudi aliitazama ile filta iliyofungwa kamba, akamtazama mkewe, akasema tu, "Hiyo ndiyo uliyochagua?" na hakusubiri jibu.

Asubuhi maji yalikuwa yamepungua ukungu. Bwana Harusi na Bibi Harusi walikuwa wameshuka, wanazunguka jiwe lao. Tumbawe lilikuwa limefungua upande mmoja, kidogo. Na Mwalimu alikuwa chini, ubavu umegeuka juu, amekufa.

Mama Mvuke alimtoa kwa kichujio cha chai. Alilia, na akashangaa kwamba analia kwa ajili ya samaki.

Mzee aliingia adhuhuri akishikwa mkono na mwanawe, amekonda, shati linaning'inia. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kioo, akainama, akahesabu kwa macho.

"Mwalimu yuko wapi?"

Kabla Mama Mvuke hajafungua mdomo, mumewe alijibu. "Umeme, baba. Ulikatika juzi kutwa nzima, filta ikazimika. Hakuna aliyekosea."

Maneno yalitoka laini, yamepangwa. Mama Mvuke aligeuka akamtazama, na mumewe hakumtazama. Ndipo alipoelewa. Mke aliyekosea kwa bahati mbaya humtungii uongo mapema namna ile. Unamtungia yule unayeamini amefanya kusudi. Mume wake alikuwa anamficha kama mtu anavyomficha mwizi wa nyumbani, kwa upendo, na hiyo ilimchoma kuliko simu ya wifi. Uongo ulikuwa tayari, mzuri, na mzee alikuwa anaanza kuutikisia kichwa. Ilikuwa juu yake kunyamaza tu.

"Umeme haukukatika, baba," alisema. "Ni mimi. Nilifungua filta yako nikaipeleka kazini, nikaipitisha kwenye mvuke pamoja na vifaa vya upasuaji. Niliogopea mshono wako. Niliua kila kitu kilichokuwemo, na mpira ukapinda, na Mwalimu akafa leo asubuhi."

Nyuma yake filta ya Bibi Chumvi ilikuwa inakohoa.

"Nilikwambia usiiguse," alisema mzee.

"Uliniambia, baba."

"Samaki yule nilikuwa naye tangu mama yenu yuko hai." Alishika kifua, wote wawili wakamrukia, akawasukuma. Alisogea taratibu hadi pembeni mwa tangi, akalegeza kamba ya kifuniko, akatia kidole ndani. Alikitoa kimejaa tope la kahawia, akalinusa, akalisugua kati ya kidole na gumba kama fundi anayepima mafuta ya saa.

"Hii ya nani?"

"Ya Bibi Chumvi. Ilikuwa kwenye tangi lake mwenyewe."

"Hakuwa na mpya?"

"Alikuwa nazo. Hata yenye taa ya kuua vijidudu."

"Ukaacha yenye taa." Mzee alimwangalia mkwewe, sare yake, mikono yake iliyochunika kwa miaka ya dawa na maji ya moto. "Uliileta vipi bila vijidudu vyake kufa?"

"Kwenye ndoo, baba. Nilikuwa nakoroga."

"Kwa glavu?"

"Kwa mkono."

Mzee alitikisa kichwa, akajishusha kwenye kiti chake. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Kisha akamgeukia mwanawe, ambaye alikuwa bado amesimama na begi la hospitali begani.

"Mtu anayetaka kuua samaki wangu angeleta ile yenye taa," alisema. "Ingewamaliza wote, na wewe ungemshukuru. Huyu ametia mkono kwenye uchafu huu, yeye, unayemjua hawezi kushika hata sarafu bila kunawa. Umelala naye nyumba moja miaka yote, halafu unaniletea hadithi ya umeme?"

Uso wa mumewe ulishuka. "Mama watoto," alianza, na neno la pili halikuja.

Filta ilikuwa imedondosha maji pale mzee alipoilegeza, na yalikuwa yanatambaa sakafuni. Kwa mazoea Mama Mvuke alichukua kitambaa akapiga magoti.

"Acha, mwanangu," mzee alisema, akivuta kigoda kwa mguu na kukisogeza karibu na kiti chake. "Njoo ukae hapa. Yeye atapangusa."

Akakaa. Mumewe aliweka begi chini, akachukua kitambaa mkononi mwake bila kumwangalia usoni, na akainama chini ya tangi kupangusa.